Namna ya Kuandika Mhusika Anayesimamia Haki: Mwongozo kwa Waandishi wa Hadithi

Hadithi nyingi kuhusu dhuluma huwa na mtu anayesimama mbele ya wakubwa akasema ukweli, na nyingi kati ya hizo hazimtii msomaji hofu hata kidogo. Mhusika anatamka maneno makali, wabaya wanaaibika, umati unapiga vigelegele, na msomaji anafunga kitabu bila kuhisi kwamba palikuwa na hatari yoyote. Kasoro hiyo haitokani na uchache wa maneno mazuri. Inatokana na mwandishi kumpa mhusika wake ujasiri wa bure, ujasiri ambao haukumnyima usingizi, haukumgombanisha na ndugu wala haukumtoa mkate mkononi. Mwongozo huu unapitia hatua za kumjenga mhusika ambaye ujasiri wake una bei, na bei hiyo msomaji anaijua kabla haijalipwa.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia hadithi moja ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali ni ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Mtwara, wakati wa msimu. Mhusika mkuu ni karani wa mizani, mwanamke kijana ambaye tutamwita Sikudhani. Pale itakaponisaidia kueleza jambo, nitarejea pia kazi chache za fasihi ya Kiswahili zilizolishughulikia suala hili kwa uzito.

Hatua ya kwanza: Ielewe dhuluma kama anavyoielewa anayeitenda

Maneno kama ufisadi, unyonyaji na ukandamizaji ni majina ya mafurushi. Hadithi haiwezi kubeba furushi zima. Inahitaji tendo moja ambalo mwandishi anaweza kulieleza kuanzia asubuhi linapoanza mpaka jioni fedha zinapogawanywa. Usianze kuandika kabla hujaweza kumweleza mtu mwingine, kwa utulivu na bila hasira, namna wizi unavyofanyika.

Katika hadithi yetu utaratibu ni huu. Mkulima analeta korosho zake ghalani, zinakaguliwa ubora na kupangiwa daraja, kisha gunia linawekwa kwenye mizani. Uzito wa gunia tupu unatolewa, kilo zinazobaki zinaandikwa kwenye daftari na kwenye stakabadhi anayopewa mkulima, na mzigo unasafirishwa kwenda ghala kuu kusubiri mnada. Mkulima halipwi siku hiyo. Analipwa baada ya mnada, kwa kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi, wala si kwa kilo alizozileta. Hapo ndipo penye upenyo. Uongozi wa chama umeagiza kwamba kila gunia likatwe kilo mbili zaidi kwa jina la unyaufu, na kilo hizo zinazokatwa hazipotei, bali zinaandikwa kwenye ukurasa wa mkulima hewa, mtu mwenye jina na namba ya uanachama ambaye hana hata mche mmoja wa mkorosho.

Angalia jinsi uongo huu ulivyoegemea ukweli. Unyaufu upo, korosho hupungua uzito kadiri zinavyokauka, na kila mkulima anajua hivyo. Kwa sababu hiyo hakuna anayepiga kelele. Dhuluma inayodumu mahali kwa miaka huwa na sababu halali ya kujifichia, na mwandishi asipoipata sababu hiyo ataandika kuhusu wezi wajinga wanaowaibia watu wajinga zaidi, jambo ambalo ni tusi kwa wakulima na ni uongo kuhusu wezi.

Ukiona huelewi utaratibu wa sehemu uliyoichagua, nenda ukakae pale. Kaa karibu na mizani, kituo cha basi, dirisha la kulipia hospitalini, chumba cha mtihani, popote hadithi yako inapotokea, na uulize maswali ya kawaida kabisa kuhusu kazi: nani anashika ufunguo, nani anasaini, karatasi ya pili inakwenda wapi. Majibu ya maswali hayo yatakupa visa ambavyo usingeweza kuvibuni ukiwa mezani kwako.

Hatua ya pili: Mpe mhusika kitu cha kupoteza, na kioneshe mapema

Hatua hii ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Mwandishi hukimbilia siku ya makabiliano akasahau kwamba msomaji hataogopa kupotea kwa kitu asichokiona. Kabla Sikudhani hajagundua lolote, msomaji anatakiwa ajue kwamba kibarua hiki cha msimu alikipata kwa kusemewa na mjomba wake, mjumbe wa bodi ya chama. Kwamba mdogo wake amechaguliwa kuingia kidato cha tano na mahitaji ya shule yanangoja malipo ya msimu huu. Kwamba mabati ya nyumba ya mama yao yamekwisha kununuliwa na kupangwa ukutani ukumbini, yakisubiri fedha ya fundi.

Usiyaeleze haya kwa orodha kama nilivyofanya mimi hapa. Yaingize katika matendo. Mama anapitisha kiganja juu ya bati la kwanza kila anapokwenda kuzima taa. Mdogo mtu anajipimia shati la shule la rafiki yake na kulirudisha. Mjomba anapita ghalani mchana, anamsalimia mpwa wake mbele ya wapagazi kwa sauti ya kujivunia, na kumwachia chupa ya maji. Kurasa tatu nne za namna hii zinatosha, na baada ya hapo kila hatua ya Sikudhani kuelekea ukweli itakuwa ni hatua ya kuyaendea mabati yale.

Liko swali gumu zaidi, nalo ndilo ningependa kila mwandishi alikabili kwa dhati: bei ya ujasiri mara nyingi hulipwa na watu wengine. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, Sudi ni mchongaji anayekataa kumchongea mtawala kinyago cha kusherehekea uhuru, na anakataa hata kuila keki ya sherehe iliyoletwa pale wanapofanyia kazi. Msimamo wake ni safi. Hata hivyo, mkewe Ashua ndiye anayeishi na njaa ya nyumba ile, na yeye ndiye anayeishia mikononi mwa watawala wakimtumia kama chambo cha kumlegeza mumewe. Hapo tamthilia inamlazimisha msomaji kujiuliza kama mtu ana haki ya kulipa kwa mali isiyo yake peke yake. Sikudhani naye anapoamua, hataamua juu ya kazi yake tu, bali juu ya kidato cha tano cha mdogo wake, ambaye hakuulizwa. Usilifiche swali hilo, na usijaribu kulijibu kwa niaba ya msomaji.

Hatua ya tatu: Acha mlango wa kunyamaza wazi

Mtu asiye na njia nyingine hana ujasiri, ana ulazima. Iwapo Sikudhani amebanwa mpaka hawezi kufanya lolote isipokuwa kusema, basi kusema kwake hakutuambii chochote kuhusu yeye. Inapasa kuwe na njia ya kunyamaza, iwe rahisi, iwe ya heshima, na iwe inapendekezwa na watu wanaompenda.

Kiswahili kimejaa hekima za kunyamaza, na waandishi wengi huziweka vinywani mwa waoga na wasaliti. Nashauri ufanye kinyume chake. Mpe mama, mtu mwema kuliko wote katika hadithi, aseme kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Mpe mpagazi mzee aliyefanya kazi ghalani miaka mingi amwambie binti, kwa upole na kwa nia njema kabisa, afunike kombe mwanaharamu apite, kwa sababu msimu unakaribia kwisha na mwakani uongozi utachaguliwa mwingine. Watu hawa si wabaya. Wamewahi kuona mtu akisema, na wameona yaliyompata. Sababu zao ziwe na nguvu kiasi kwamba wewe mwandishi, ukiwa peke yako, unaanza kushawishika.

Toa pia njia ya katikati, ile inayofanana na uadilifu bila kuwa uadilifu wenyewe. Sikudhani anaweza kuomba ahamishiwe kwenye kukagua ubora, mbali na daftari. Hatashiriki wizi, hatamgombanisha mtu, na ataendelea kulipwa. Watu wengi waadilifu maishani huishia hapo, nami siwalaumu kirahisi. Mwache akae kwenye wazo hilo kwa muda mrefu, hata aende mpaka mlangoni kwa katibu kulitaja. Msomaji anayemwona akigeuka kutoka pale mlangoni bila kusema neno atakuwa ameuona ujasiri kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya nne: Mpe mpinzani hoja yake

Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, waziri anayemshtaki Karama, mhusika mkuu anayewafundisha watu elimu ya sheria, anaitwa Majivuno, na jina lake linatosha kutuambia tabia yake. Kitabu kile ni istiara kuhusu nchi iliyo angani, kilichoandikwa wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa wageni, na majina ya namna ile yalimpa mwandishi nafasi ya kuyasema yale ambayo yangekuwa magumu kusemwa waziwazi. Mwandishi wa leo anayeandika hadithi ya maisha ya kawaida, yenye ghala, mizani na stakabadhi, hana ruhusa hiyo. Mwenyekiti wa chama katika hadithi yetu hawezi kuwa Majivuno.

Basi mpe sababu. Msimu uliopita chama kilibaki na deni la usafirishaji, na lori lingegoma kubeba mzigo wa mwaka huu. Kilo za unyaufu ndizo zilizolipa deni hilo, ndizo zilizomlipa mlinzi wa usiku, na mkulima mmoja alipofiwa ndizo zilizonunua sanda. Mwenyekiti anaamini kwamba amekiokoa chama kisife na wakulima wasirudi mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, wale wanaopita majumbani kabla ya mavuno wakimpa fedha kidogo mwenye njaa na kuondoka na korosho zake kwa bei ya kutupa. Anaamini hivyo kwa moyo, na sehemu ya anayoyaamini ni kweli. Ni kweli pia kwamba kiasi cha fedha hizo kilijenga uzio wa nyumba yake, na hilo halitaji.

Mpinzani wa namna hii humfanyia mwandishi kazi kubwa, kwa kuwa humlazimisha Sikudhani afikiri. Hawezi tena kusema tu kwamba wizi ni mbaya. Inabidi atambue kilicho kibaya hasa, nacho ni kwamba mkulima hakuulizwa. Kama chama kilikuwa na deni, mkutano mkuu ulikuwepo. Mwandishi akimfikisha mhusika wake kwenye utambuzi mwembamba kama huo, atakuwa amempa msingi ambao hautikiswi na maneno ya mtu mzima mwenye akili.

Hatua ya tano: Anza na matendo madogo

Mtu haamki asubuhi akiwa shujaa. Katika riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, Rashidi hazaliwi akiwa mtu wa harakati. Ni mtoto wa maskini anayeingia kwenye kazi za bandarini Unguja kwa sababu ya shida, na ufahamu wake unakua polepole kwa yale anayoyaona na kuyabeba mgongoni, mpaka tunapofika kwenye mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1948, tukio la historia ambalo riwaya imelitumia. Ukuaji huo wa polepole ndio unaoifanya siku ya mgomo iaminike.

Kwa Sikudhani, tendo la kwanza liwe dogo mno, karibu lisionekane. Siku moja anamwandikia bibi mmoja mwenye gunia moja tu uzito wake kamili, bila makato. Hajamwambia mtu. Moyo unamdunda jioni nzima. Kesho yake hakuna aliyegundua, na hapo anafanya jambo la pili: ananunua daftari dogo la shule na kuanza kunakili uzito halisi wa kila gunia. Jambo la tatu ni kumuuliza katibu, kwa sauti ya kawaida, ni nani huyo mkulima mwenye kilo nyingi ambaye hajawahi kumwona akileta mzigo.

Kila tendo lipunguze nafasi ya kurudi nyuma. Baada ya lile la kwanza angeweza kusema alikosea hesabu. Baada ya daftari hawezi kusema hivyo tena kwa nafsi yake, ingawa anaweza kulichoma moto. Baada ya swali kwa katibu, wengine wanajua. Ukipanga matendo matatu au manne kwa mfuatano huu, hutahitaji kumweleza msomaji kwamba mhusika anazidi kuwa jasiri.

Hatua ya sita: Siku ya kusimama

Hapa ndipo waandishi wengi hutoa hotuba, nami nashauri usitoe. Mtu mwenye hofu hazungumzi kwa aya ndefu. Sauti inakauka, anasema sentensi moja aliyoifanyia mazoezi usiku kucha, na mara nyingi anaikosea.

Jambo la kuzingatia zaidi katika jamii zetu ni adabu. Mhusika wa Kiswahili anayemkabili mkubwa hamkabili kama mtu aliyekutana naye njiani. Anamkabili mtu aliyemwamkia tangu utotoni, aliyekula nyumbani kwake, aliyehudhuria maziko ya baba yake. Mwandishi anayemfanya kijana amtolee mzee lugha ya mabavu hudhani ameonesha ujasiri, kumbe amempa mzee njia ya kutokea, kwa sababu kuanzia hapo mjadala utakuwa juu ya utovu wa adabu wa kijana na hakuna atakayeuliza tena kuhusu kilo. Sikudhani anayeshika adabu yake yote na bado akakataa ni mtu wa kuogopwa zaidi. Hebu tuuandike mkutano wao.

Ofisi ya chama ina meza moja na viti viwili. Sikudhani amebaki amesimama.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo, anakusalimu.”

“Nasikia daftari lako lina maneno.”

“Halina maneno, baba. Lina namba tu.”

“Basi weka saini tufunge hesabu. Gari la kwenda ghala kuu linangoja.”

“Kalamu ninayo. Lakini namba za ukurasa huu sikuziandika mimi.”

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, asiivae tena. “Unamjua aliyekuleta hapa kazini?”

“Namjua. Ni mjomba wangu.”

“Yeye ameshasaini.”

“Nimeiona saini yake, baba. Ndiyo maana nimeanza kwako kabla ya kwenda kwa afisa ushirika.”

Hakuna neno la haki, uadilifu, wanyonge wala dhuluma katika mazungumzo haya, na hakuna aliyepandisha sauti. Salamu za mama zinabaki palepale mezani, zikizidisha uzito wa kila kitu kinachofuata. Kukataa kwenyewe kumo katika sentensi inayohusu kalamu na namba, kwa sababu huko ndiko kazi yake iliko na huko ndiko anakokuwa na hakika. Utaona pia kwamba pigo kubwa halitoki kwa mwenyekiti, bali linatoka kwenye saini ya mjomba. Katika tukio la namna hii, tafuta karatasi, chombo au ishara moja ambayo inaweza kubeba mapambano yote, kisha uwaache wahusika wazungumze kuhusu hicho.

Fikiria pia ni nani waliomo chumbani na ni nani waliopo nje dirishani. Ujasiri wa mbele ya watu una msaada wa watu. Ujasiri wa chumba kilichofungwa hauna shahidi, na kesho yake mtu anaweza kuelezwa vyovyote wapendavyo wengine. Mimi napendelea wa pili, kwa sababu unamwacha msomaji akiwa shahidi pekee. Lakini kama hadithi yako inadai mkutano wa hadhara, basi usiufanye umati uwe mwepesi wa kushangilia. Wakulima walioibiwa wanaweza kukaa kimya, wanaweza kumzomea binti anayewachelewesha malipo ya mnada, na wanaweza kumwamini baada ya wiki mbili, faraghani, mmoja mmoja.

Endapo hadithi inahitaji mhusika aseme kwa kirefu, kama kwenye kesi, jifunze kwa Karama wa Kusadikika. Ameshtakiwa mbele ya Mfalme Jeta kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria, na utetezi wake unaendelea kwa siku sita. Lakini hatumii muda huo kujisifu. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda nje kuitafutia nchi manufaa na waliporudi wakaishia gerezani. Anayezungumza kwa kirefu azungumzie mateso ya wengine, na hadithi ndani ya hadithi zifanye kazi ambayo hoja tupu isingeweza kuifanya.

Hatua ya saba: Bei ilipwe ukurasani

Ukishaiahidi bei katika hatua ya pili, ilipe. Usilete barua ya wizarani usiku wa manane, usimfanye afisa ushirika kuwa malaika, usimwangushe mwenyekiti kwa kiharusi. Malipo ya aina hiyo yanafuta yote yaliyojengwa, kwa kuwa yanamwambia msomaji kwamba hofu yake ilikuwa haina msingi.

Bei haina lazima ya kuwa kifo au gereza. Katika ghala letu, Sikudhani haitwi tena msimu unaofuata, na hakuna barua ya kumfukuza kwa sababu kibarua cha msimu hakihitaji barua. Mjomba anaacha kupita nyumbani. Kwenye arusi ya binamu, sahani ya familia yao inaletwa mwisho. Mabati yanauzwa, mawili mawili. Haya ndiyo malipo ambayo watu wanayajua, nayo yanauma zaidi yakiandikwa kwa sentensi fupi zisizolia.

Pamoja na hasara, acha jambo limebadilika, hata liwe dogo kiasi gani, kwa sababu hadithi inayoonesha kwamba kusema ukweli ni hasara tupu nayo inadanganya. Labda msimu unaofuata wakulima wawili wanakuja ghalani na mizani zao ndogo za kuning'iniza. Mwenyekiti bado yupo, uzio wake bado upo, ila karani mpya anatazamwa mikono.

Kuna kazi moja inayofundisha jambo zito kuhusu hatua hii, nayo ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Kinjeketile wa jukwaani amekwisha kuingiwa na shaka juu ya nguvu ya maji yale, ameona watu wakifa, na yuko mikononi mwa Wajerumani wanaomtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hakatai kwa sababu ana hakika na maji. Anakataa kwa sababu anajua tamko lake litatumika kuwaambia vizazi vijavyo kwamba kupigania uhuru wao lilikuwa kosa. Hapa mhusika analipa bei kubwa kuliko zote kwa ajili ya jambo ambalo sehemu yake ameacha kuliamini. Ni hali ngumu kuiandika, na sishauri mwandishi anayeanza aiige. Ninaitaja kwa sababu inaonesha kwamba shaka haimwondolei mhusika ujasiri. Sikudhani naye aruhusiwe kuwa na shaka mpaka mwisho, ajiulize kama mlinzi wa usiku atalipwa na nani sasa.

Hatua ya nane: Kuipitia rasimu

Iweke rasimu kando kwa siku kadhaa, kisha isome ukiwa na kalamu, ukianza na sentensi zote ambamo msimulizi anamsifu mhusika kwa kumwita jasiri, mwadilifu au mtetezi wa wanyonge. Zikate. Kama tukio linaporomoka baada ya kuzikata, tatizo liko kwenye tukio, na dawa yake iko katika hatua ya pili na ya tatu.

Halafu soma sehemu za mpinzani peke yake, kwa sauti, kana kwamba wewe ndiye wakili wake. Mahali popote utakapoona aibu kumtetea kwa sababu maneno uliyompa ni ya kipuuzi, mwandikie upya.

Mwisho, mpe mtu anayeifahamu kazi hiyo, karani aliyewahi kushika daftari la ghala au yeyote wa fani uliyoiandikia, na usimuulize kama hadithi ni nzuri. Muulize ni ukurasa gani ambapo yeye, angekuwa Sikudhani, angeweka saini. Akikuonesha ukurasa, soma kurasa tano zilizoutangulia na utazame ni nini kilichomfanya Sikudhani asiweke. Ikiwa hukuti kitu, ndipo pa kuanza kuandika upya.